Mngurumo wa Ekseli ya Nyuma: Tathmini ya Gereji Moja ya Msamvu, Morogoro

Gereji ninayoiandikia tathmini hii ipo Msamvu, mjini Morogoro. Haina kibao, na mwenyewe ameomba asitajwe jina kwa sababu wateja wanaoelekezana kwake wanamtosha, nami nimeliheshimu ombi hilo. Ninachotaka kukieleza ni huduma moja tu niliyoifuata pale, nayo ni kutafuta chanzo cha mngurumo uliokuwa ukitoka nyuma ya Hilux yangu, dabo kebini ya dizeli ya mwaka 2012. Mafundi hodari wa kufungua na kufunga tunao wengi. Wanaokaa na sauti mpaka waijue inatoka wapi, kabla hawajashika spana, ni wachache sana, na huyu ni mmoja wao.

Mngurumo wenyewe ulianza kusikika gari likifika kilometa 60 kwa saa, ukakolea kwenye 80, na ukivuka 100 ulichanganyika na sauti ya upepo hata usiweze kuutenga. Aliyekaa kiti cha nyuma aliusikia zaidi kuliko dereva. Mama yangu, niliyekuwa nikimpeleka Kilosa, aliufananisha na mashine ya kusaga unayoisikia ukiwa mtaa wa pili, na sijapata maneno mazuri zaidi ya hayo: sauti nzito, ya mfululizo, ambayo hata mlangoni mwa gari unaihisi kiganjani.

Kabla ya kufika Msamvu nilikuwa nimekwisha kupita gereji nyingine, kubwa na yenye sakafu safi, jijini Dar es Salaam. Pale gari lilipigwa jeki, kijana akaishika propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, akaizungusha kidogo kulia na kushoto, akanionyesha kwamba ina mchezo kabla ya magurudumu kuanza kuitikia, akahitimisha kuwa difu, yaani gia za katikati ya ekseli, imekwisha. Hakuna aliyeliendesha gari hata mita mia moja. Wakamwaga oili ya difu, wakaweka nzito zaidi, namba 140 badala ya 90, wakanitoza shilingi 150,000, na wakanishauri nitafute difu ya mtumba ambayo, pamoja na ufundi, ingenigharimu shilingi 1,800,000. Mngurumo niliondoka nao kama nilivyokwenda nao.

Leo naelewa vizuri zaidi kwa nini ushauri ule haukuwa na msingi. Meno ya kraunwili na ya pinioni, gia kubwa na ndogo zinazokutana ndani ya difu, hayabanwi yakagusana pande zote mbili. Lazima yaachiwe nafasi ndogo, la sivyo yatapata moto na kulika. Nafasi hiyo ikijumlishwa na ya gia ndogo zilizo ndani ya difu, na ya meno ya mwisho wa hafu shafti (mhimili unaotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu), propela shafti itacheza kidogo hata kwenye gari lililo zima kabisa. Kinachotakiwa kupimwa ni kiasi cha mchezo huo, wala si kuwapo kwake. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Hilux yangu huvuta magurudumu yote manne, na kwa gari la namna hiyo difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, yaani idadi ya mizunguko ya propela shafti kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukifunga nyuma difu ya mtumba yenye uwiano tofauti, siku utakayoingiza gia ya kuvuta mbele na nyuma kwenye ardhi kavu vyuma vitashindana hadi kimoja kivunjike. Kule Dar es Salaam hakuna aliyeniuliza difu yangu ina uwiano gani. Nasikitika zaidi ninapofikiria mteja ambaye angeamini, akakopa fedha, akainunua.

Fundi wa Msamvu ni mzee wa makamo, anafanya kazi na vijana wawili chini ya mwarobaini, na ana baraza dogo la saruji kwa ajili ya kazi zinazohitaji gari lisimame sawasawa. Nilipoanza kumweleza kwamba difu imekufa, alinisimamisha kwa upole. “Nieleze unachokisikia, bosi,” alisema. “Kilichoharibika tutakitafuta pamoja.” Kisha akauliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Sauti inafuata mwendo wa gari au mzunguko wa injini? Ukibadilisha gia huku mwendo ukibaki uleule, nayo inabadilika? Ilianza ghafla au ilipanda polepole? Matairi yana muda gani, na yamewahi kuhamishwa nafasi? Gari limebeba nini, limepita kwenye maji? Hapo nikakumbuka kwamba wiki chache kabla ya mngurumo kuanza nilikuwa nimebeba mifuko 25 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, yaani kilo 1,250, kwenye barabara ya vumbi yenye vijito viwili visivyo na daraja. Hakunilaumu. Alitikisa kichwa tu na kuomba ufunguo.

Tulitoka kwa barabara ya Iringa, yeye akiendesha nami pembeni, kijana wake akiwa kiti cha nyuma na sikio karibu na sakafu. Kwanza alipanda mwendo taratibu toka 40 hadi 90 akiwa anakanyaga mafuta. Halafu akaachia mafuta gari likiwa ndani ya gia. Halafu akashikilia 80 bila kusukuma wala kuachia. Mwisho, kwenye kipande kilichonyooka na tambarare pasipokuwa na gari nyuma yetu, akaweka gia huru na kuliacha gari litambae lenyewe. (Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko hata kidogo; yeye mwenyewe alisisitiza hivyo mara mbili.) Katika hali zote nne mngurumo ulibaki vilevile, ukipungua tu kadiri mwendo ulivyopungua. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya wazi: meno ya difu yaliyolika hulia zaidi upande mmoja, ama unapokanyaga mafuta ama unapoachia, kwa sababu kila hali hutumia uso tofauti wa jino. Sauti isiyojali kama unasukuma au unaachia inakuelekeza kwenye vitu vinavyozunguka pamoja na gurudumu, yaani tairi au beringi, ile pete ya gololi inayobeba mhimili wa gurudumu.

Akaongeza jambo ambalo nimeendelea kulitafakari. Pinioni huzunguka kwa kasi ya karibu mara nne ya gurudumu, kwa hiyo beringi yake ikiharibika hulia kwa sauti ya juu kuliko beringi ya gurudumu, na meno yenyewe yakigongana vibaya hutoa mlio mwembamba zaidi, kama filimbi. Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu kwa tairi langu la 265/65R17, ambalo mzunguko wake ni karibu mita 2.4. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa gurudumu huzunguka takriban mara 9 kila sekunde, pinioni takriban mara 37, na ikiwa pinioni ina meno 10, meno 370 hivi hukutana na kraunwili katika sekunde hiyo moja. Mtu mwenye sikio lililozoea anaweza kuzitofautisha sauti hizo tatu kama unavyotofautisha ngoma na zumari. Yetu ilikuwa ngoma.

Ndipo likaja jaribio la kuyumbisha. Akiwa kwenye 70, barabara ikiwa tupu na pana, alilielekeza gari polepole kushoto, kisha kulia, kama anayekwepa shimo la mbali. Tukielekea kushoto, uzito ukihamia magurudumu ya kulia, mngurumo ulipanda waziwazi. Tukielekea kulia ulishuka, ingawa haukuisha. Kijana wa nyuma akasema, “Kulia, mzee.” Nilidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Fundi alisema sauti ya kulia ameikubali, lakini ile iliyobaki tulipokata kulia bado hajaijua, na hapendi kufungua chuma akiwa amejibu nusu ya swali. Aliporudi gereji alipitisha kiganja juu ya matairi ya nyuma, kwanza kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma, akaniambia nami nifanye hivyohivyo. Upande mmoja kiganja kiliteleza. Upande wa pili kilikwama kwenye kingo za vipande vya raba kama kinachopita juu ya meno ya msumeno. Tairi lililolika namna hiyo hunguruma kwa sauti inayofanana sana na ya beringi, na ndiyo sababu watu wengi hubadilisha beringi nzima na kurudi barabarani na kelele ileile. Alipandisha upepo wa matairi yote toka PSI 35 hadi 45 kwa ajili ya jaribio, tukatoka tena, na sehemu ya mngurumo ikabadilika. Tukarudi, akayahamisha ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, akarudisha upepo 35, tukatoka mara ya tatu. Sasa palikuwa na sauti mbili: moja nyepesi, ya mchakacho, chini ya miguu yangu mbele, na nyingine nzito, palepale nyuma kulia. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikisikia kelele mbili na kuziita moja.

Baada ya hapo ndipo gari lilipopandishwa, na kwa kazi hii sikumwona akifanya haraka. Matairi ya mbele yaliwekewa vizuizi, magurudumu yote mawili ya nyuma yakaachana na ardhi, na ekseli ikakaa juu ya stendi mbili za chuma, jeki ikibaki kama ya akiba tu. Aliwaonya vijana wake, mbele yangu, kwamba gari lenye difu inayojifunga likiwashwa na kuingizwa gia huku gurudumu moja bado liko chini linaweza kuruka toka kwenye stendi, na kwamba hata kwa difu ya kawaida gurudumu moja likisimama la pili huzunguka kwa kasi mara mbili ya ile unayoisoma kwenye dashibodi. Aliwaambia vijana wayazungushe magurudumu yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, naye akiwa amechora mstari wa chaki kwenye propela shafti. Ilizunguka mara nne na kidogo. Akauandika uwiano huo kwenye daftari langu ili siku yoyote nikihitaji spea ya difu nisinunue kwa kubahatisha.

Kisha akaniita nilale kando yake. Akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya springi ya kushoto, karibu kabisa na ekseli, akalizungusha gurudumu la kushoto taratibu kwa mkono. Sikuhisi kitu isipokuwa mkwaruzo laini wa breki. Tukahamia kulia. Gurudumu lilipozunguka, springi ilinitetemesha vidoleni, tetemeko dogo lenye chembechembe, kama unaposaga ufuta kwenye kinu na mtwangio ukakutana na mchanga. Sikuhitaji maelezo zaidi. Beringi iliyochoka huwa haionekani na mara nyingi hata haichezi ukilitikisa tairi juu na chini, lakini springi huibeba ile hali yake hadi kwenye mkono wako.

Kwa uhakika zaidi aliwasha injini, akaweka gia ya tatu mwendo wa chini, akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Alianzia kwenye pua ya difu palipo na pinioni, akaenda pande mbili za difu, kisha miisho yote miwili ya ekseli, akirudia kila sehemu na kulinganisha, kwa kuwa bomba la ekseli hupitisha sauti kama waya wa simu na sikio moja la haraka hudanganyika. Difu ilikuwa na mvumo mwororo wa oili inayopigwa. Mwisho wa kulia ulikuwa ukisaga. Aliniruhusu nisikilize baada ya kunifungia mikono ya shati juu ya kiwiko.

Hata hivyo hakuiacha difu bila kuikagua. Alifungua kwanza nati ya kujazia na ndipo ya kumwagia, ili asije akamwaga oili yote halafu akashindwa kuongeza nyingine kwa sababu ya nati iliyokwama. Kwenye sumaku ya nati ya chini palikuwa na utope wa kijivu, laini kama wanja, jambo la kawaida. Vipande vya chuma vyenye kingo, ambavyo vingemaanisha meno yanavunjika, havikuwepo. Akanionyesha pia kipumulio cha ekseli, kimeziba kwa udongo mkavu. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na isipopata pa kutokea husukuma oili kupitia sili, ile raba inayozuia oili isivuje. Ekseli hiyohiyo ikiingia majini ghafla ikiwa ya moto, hewa hujikunja na kuvuta maji ndani kupitia palepale. Saruji yangu na vijito viwili vilikuwa vimepata maelezo yake.

Hafu shafti ya kulia ilitoka baada ya kuondoa drami, bomba la breki, kebo ya handbreki na nati nne zinazoshikilia bamba la breki. Beringi ilipokuwa imekatwa na kufunguliwa tulikuta njia ya gololi ina vidoa vilivyochimbika, kama uso uliopata ndui, na grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji. Ile ya kushoto hakuigusa. Wapo watakaosema ni bora kubadilisha zote mbili kwa pamoja. Mimi naona msimamo wake ni wa haki, kwa kuwa alikuwa ameipima na kuikuta nzima, na kila beringi inayong’olewa bila sababu ni nafasi nyingine ya kuharibu hafu shafti.

Spea alinituma nikainunue mwenyewe, akaniandikia namba iliyogongwa kwenye beringi ya zamani na kuniambia nichague ya chapa ya Koyo, NSK au NTN yenye maandishi yaliyochongwa vizuri kwenye chuma, nisikubali ile ambayo maandishi yake yanafutika kwa kidole. Nilinunua beringi, sili na pete ya kubania. Kazi ya kuipachika aliipeleka karakana ya jirani yenye presi, mashine ya kusukumia vyuma kwa nguvu, na akasimamia mwenyewe ili nguvu iingie kupitia pete ya ndani ya beringi, kwani ukisukuma pete ya nje, au ukipiga kwa nyundo, gololi huacha alama kwenye njia yake na beringi mpya huanza kunguruma kabla haijafika mwezi.

Yapo mambo ambayo sikuridhika nayo. Gereji haina spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Nati zile nne zilikazwa kwa mkono na uzoefu, na nilipouliza ndipo alipokwenda kuazima. Kifaa hicho si anasa kwa mtu mwenye ustadi wa kiwango chake. Hakuniambia mapema kwamba bomba la breki litafunguliwa na hewa itabidi itolewe, hivyo nililazimika kutafuta oili ya breki saa moja usiku wakati maduka mengi yamefungwa, na gari likalala pale siku ya pili. Hakuna risiti wala karatasi ya matokeo ya uchunguzi. Nililoandika kwenye daftari langu ndilo nililonalo. Mahali pa mteja kusubiri ni benchi moja, na jua likihama nawe unahama.

Malipo yalikuwa hivi: uchunguzi shilingi 40,000, ufundi wa kubadilisha shilingi 60,000, presi shilingi 15,000, na spea nilizozinunua mwenyewe shilingi 140,000. Alinitajia gharama ya uchunguzi kabla ya kuanza na akasema angeidai hata kama nisingetengeneza kwake. Nilikubali kwa moyo mweupe. Tumezoea kumlipa fundi kwa chuma alichokibadilisha na kuona kusikiliza kwake ni bure, na matokeo yake ni mafundi kutafuta chuma cha kubadilisha. Zile shilingi 40,000 ndizo fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote katika safari hii, kwa sababu ziliniepusha na zile 1,800,000.

Sasa zimepita kilometa 6,000, pamoja na safari mbili za kwenda Iringa kupitia Mikumi na Kitonga. Nyuma pametulia. Ule mchakacho wa matairi bado upo mbele, kama alivyoniambia ungekuwepo hadi nitakapoyabadilisha, na sili ya kulia ni kavu. Huikagua kila ninapoosha gari, pamoja na kipumulio.

Atakayekwenda aende asubuhi, barabara ya Iringa ikiwa bado haina malori mengi, gari likiwa halina mzigo na vitu vinavyogongana kwenye bodi vimeshushwa, kwa kuwa atakuomba ukae kimya ndani ya gari kwa karibu saa nzima. Achukue oili ya breki njiani.